Mheshimiwa wa Makayabo

Miaka yote niliyofanya kazi dukani kwake sikuwahi kumwona akila samaki. Aliwapima, aliwasifu, aliwakata kwa msumeno wa mbao, na harufu yao ilimfuata mpaka ndani ya koti alilovaa kwenye vikao vya wakubwa, lakini kuwatia mdomoni, hapana. Chakula chake cha mchana kilikuwa mkate mkavu kama ubao, na juu yake kipande cha jibini ya rangi ya kahawia ambayo mtu yeyote aliyekulia kambini angeapa kwamba ni sabuni ya mche. Siku yangu ya kwanza niliikuta kando ya sinki, nikaichukua nioshee vikombe. Aliniondolea mkononi taratibu, akakata kipande, akala akinitazama.

Alikuwa Mnorwe. Alifikaje Louisville na alimwacha nani kwao, hayo hakuyasema nami sikuyauliza. Sisi wenyewe tuliohojiwa mara kumi na maafisa wa wakimbizi hatuna hamu ya kumhoji mtu mwingine. Nilimkuta amesimama nyuma ya kaunta, mrefu, amevaa sweta lake moja la kijivu, akiuza makayabo, yaani wale samaki wakubwa waliokaushwa kwa chumvi wanaotoka bahari za kwao. Wakongo waliwala tangu Bukavu na Uvira. Walipoletwa Kentucky, nchi ya farasi na kuku wa kukaanga, wakakuta mzungu anawauzia samaki wa sikukuu za mama zao, wengi waliona huo ni mkono wa Mungu. Mimi niliona ni mkono wa mfanyabiashara, lakini nilikuwa mgeni nchini na nilihitaji kazi, kwa hiyo nilisema amina pamoja nao.

Aliniajiri kwa sababu mimi ni Mrundi niliyelelewa kambini Tanzania. "Wewe unaongea Kiswahili kama redio," aliniambia. Sijui kama hiyo ilikuwa sifa. Yeye mwenyewe alikuwa na Kiswahili cha kaunta, alichookota kwa wateja wake Wakongo, kimejaa bon na donc za Kifaransa, na alikitumia kwa uso usiotingishika, kama mtu anayesoma maandishi kwenye katoni.

Majina yake yalibadilika kadiri alivyopanda. Wakati wa duka aliitwa Patron. Alipoanzisha benki akawa Direkta. Alipochaguliwa akawa Mheshimiwa, na hilo ndilo nitakalotumia, kwa kuwa ndilo lililomgharimu zaidi.

Aliyemfundisha kuuza ni Mama Riziki. Huyu alikuwa mjane wa Kikongo, mfupi, mwenye sauti ya kiongozi wa kwaya, akifanya kazi ya kufunga mizigo kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Siku moja aliingia, akanyanyua samaki kwa mkia.

"Patron, huyu samaki ni bei gani?"

"Bei iko juu ya karatasi."

"Karatasi niliiona. Mi nauliza weye. Karatasi haina roho."

Mheshimiwa aliisoma karatasi kwa sauti. Mama Riziki alimrudisha samaki, akatoka, akazunguka gari la jirani, akarudi. Alifanya hivyo mara tatu. Mara ya nne Mheshimiwa alikata kipande cha mkia wa samaki mwingine akakiweka juu ya mzani ulipokwisha kusimama.

"Hiyo ni nini?"

"Matabishi," akasema, kwa maana ya nyongeza.

Wanawake waliokuwa dukani walipiga makofi. Siku ile walirudi nyumbani wakisema mzungu amekuwa mtu. Mwezi uliofuata kila mteja alipewa mkia wake, na bei kwenye karatasi ilikuwa imepanda kwa kadiri ya mkia ule. Mimi ndiye niliyeiandika karatasi mpya. Nilipomtazama, alisema, "Wanapenda zawadi. Mimi napenda wakipenda."

Benki ilianzia chumba cha nyuma, kati ya friji na magunia ya unga wa muhogo. Benki za kweli zilikuwa zikiwauliza watu wetu historia yao ya mikopo, na watu wetu walikuwa na historia ya aina nyingine kabisa. Mheshimiwa, pamoja na wenye maduka wengine wawili, alipata kibali cha kukopesha watu fedha za kununulia magari na vyerehani. Alinunua meza, akanunua kengele ndogo ya mezani, na akaanza kuvaa tai juu ya sweta. Hakuwauliza waombaji karatasi nyingi. Aliwauliza walilala saa ngapi na waliamka saa ngapi. Aliyeamka mapema alipewa.

Kuna mchungaji aliyekuja kuomba mkopo wa spika kubwa za kanisa. Mheshimiwa alimsikiliza mpaka mwisho, akagonga kengele ingawa hakukuwa na mtu wa kuitika.

"Mungu anasikia vizuri," alimwambia. "Majirani pia."

Mchungaji alihubiri juu ya matajiri na tundu la sindano Jumapili mbili mfululizo. Juma la tatu Mheshimiwa alilipia bati la paa la kanisa lile, kimya kimya, na mimi nilijua kwa sababu fundi alikuja kuuliza risiti dukani. Nilimuuliza kwa nini atoe bati na akatae spika. Alifikiri kidogo. "Mvua ni jambo la hakika," akasema.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alikuwa na wema, lakini aliutoa kama anavyotoa mtu dawa ya minyoo: kwa kipimo chake yeye, kwa wakati wake, na mgonjwa asiulize.

Neno lake kubwa lilikuwa "tutaona". Kwa Waswahili wengine neno hilo ni mlango ulioachwa wazi kidogo. Kwake lilikuwa kufuli. Ukimwomba likizo, tutaona. Ukimwambia joto la duka limezimika na vidole havihisi chumvi, tutaona, naye anakuonyesha kwa mfano jinsi ya kupulizia viganja. Mwaka mmoja tuliopulizia viganja mpaka Machi alinunua heta mbili, moja akaiweka karibu na samaki ili wasipate unyevu.

Siasa aliingia kwa sababu ya pua ya mtu. Jirani mmoja alilalamika jijini kwamba duka linanuka, na Mheshimiwa akaitwa kwenye kikao cha baraza kujieleza. Alikaa saa tatu kwenye benchi akingoja zamu yake na kuwasikiliza madiwani wakijadili mifereji. Alirudi uso umebadilika rangi.

"Watu wale hawajui kuhesabu," alisema.

Tangu siku hiyo alitaka kwenda kuwahesabia. Kwanza ilibidi awe raia, jambo ambalo kwa miaka yote hiyo hakuliona la lazima. Yeye na Mama Riziki walikula kiapo asubuhi moja, ukumbi mmoja, kila mmoja na kibendera chake. Mama Riziki alikuwa amekariri majibu yote ya mtihani kwa Kiingereza akipanga katoni. Mheshimiwa hakukariri kitu, na nasikia alipoulizwa kazi ya seneta alimpa afisa maoni yake. Walipotoka nje, Mama Riziki alilia. Mheshimiwa alikiangalia kibendera chake, akasema kijiti kimegandishwa vibaya.

Kampeni aliifanya Mama Riziki. Alikwenda mlango kwa mlango kwenye zile nyumba zetu za kupanga, akiwakusanya wote waliokwisha kupata uraia, Wakongo na Warundi, hata Wanepali wa ghorofa ya chini ambao hawakuelewa neno lake hata moja lakini walimwogopa. Na alikuwa na bei yake. Jiji lilikuwa linafikiria kuliondoa basi lililotoka kwetu kwenda kwenye maghala. Bila basi lile, nusu ya majengo yetu haina kazi.

Alimketisha Mheshimiwa kwenye gunia la mchele pale dukani, mbele yangu.

"Basi itabaki?"

"Itabaki."

"Sema tena."

"Basi itabaki."

"Mara ya tatu, Patron. Petro naye waliuliza mara tatu."

Akasema mara ya tatu. Jumapili alipelekwa kanisani, akavumilia ibada ya saa nne, akalala saa mbili kati ya hizo akiwa ameketi wima, na alipopewa kipaza sauti alisema, "Mimi sio mtu wa maneno mingi. Munichague." Watu walisema hawajawahi kusikia hotuba nzuri kama ile. Mimi pia, kwa urefu wake, niliipigia makofi.

Alishinda. Tukapika makayabo kwa siku mbili, tukamloweshea na yeye sahani nzima, chumvi yote ikatoka. Aliishika sahani ile jioni yote akizunguka nayo kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu, na mwishowe niliikuta juu ya friji haijaguswa.

Mwaka wake wa kwanza alikuwa mwakilishi mzuri, ikiwa uwakilishi ni kufika mapema. Alifika kabla ya walinzi. Alisoma kila karatasi. Aliwakosoa madiwani wenzake jumla zao kwa senti, nao wakampa kiti kwenye kamati ya bajeti ili wapumue kwingine. Alianza kusema "sisi" akimaanisha wao.

Kisha suala la basi likaja. Kabla ya kura, wananchi waliruhusiwa kuzungumza dakika tatu tatu, na mimi niliombwa nimtafsirie Mama Riziki. Alivaa kitenge chake cha harusi za watu. Alisimama mbele ya kipaza sauti, akawaambia kwamba yeye anaamka saa kumi alfajiri. Kwamba ghala halimuulizi mtu kama ana gari, linauliza amefika. Kwamba yeye amekimbia vita kwa miguu, msitu kwa msitu, na alidhani mambo ya kutembea kwenda kuokoa maisha yamekwisha.

"Mi siombe gari," alisema. "Naomba basi ibaki fasi iko."

Nilitafsiri kila sentensi, pamoja na fasi, yaani mahali. Madiwani wote walinitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa na Kiingereza. Mmoja tu hakuhitaji tafsiri, naye alikuwa anatazama meza. Taa nyekundu ikawaka, dakika tatu zimekwisha.

Walipoitwa kupiga kura, Mheshimiwa aliinua mkono wake mrefu kuliondoa basi. Aliuinua sawasawa, bila kusita, kama anavyofanya kila kitu. Kura yake haikuwa hata ya lazima, wangeshinda bila yeye. Hilo ndilo lililotuuma zaidi: alitusaliti bure.

Kesho yake Mama Riziki aliingia dukani. Hakunyanyua samaki.

"Juu ya nini, Patron?"

"Hesabu ilikataa," alisema Mheshimiwa. "Basi inabeba watu kidogo. Mafuta ni mengi. Niliangalia mara nyingi."

"Hesabu ndiyo ilipiga kura? Mi niliona mkono."

Mheshimiwa alichukua kisu, akakata mkia, akausogeza kwenye kaunta. Mama Riziki aliutazama mkia ule kwa muda, akatoka akiuacha pale. Nami kwa mara ya kwanza niliona aibu ya kusimama upande wangu wa kaunta, lakini sikutoka nje kumfuata. Nilikuwa na watoto watatu. Nilichukua kitambaa nikafuta.

Basi liliondolewa baridi ilipoanza. Wenye magari waliwabeba wenzao, wengine waliacha kazi, na Mama Riziki alitembea. Barabara ile haina njia ya miguu. Unapita kwenye majani, malori yanakupulizia upepo, theluji inaficha mtaro. Wiki ya tatu aliteleza, akavunjika kiwiko cha mkono wa kuume. Kufunga mizigo ni kazi ya mikono miwili. Ghala lilimpa pole na karatasi ya kumwachisha kazi.

Sijui nani alimwambia Mheshimiwa, kwa maana si mimi. Najua tu kwamba Jumatatu iliyofuata, saa kumi na moja alfajiri, gari lake la samaki lilisimama mbele ya majengo yetu, injini inaunguruma, ameweka viti vya plastiki ndani na kuvifunga kwa kamba. Hakupiga honi. Alikaa tu na sweta lake mpaka wanawake wakaelewa. Tangu siku hiyo aliwapeleka kazini na kuwarudisha, siku sita kwa juma, kabla ya kwenda kukaa kwenye kamati ya bajeti. Kwanza aliwapeleka wanane, baadaye kumi na mmoja. Walifika kazini wakinuka makayabo, na wasimamizi wakalalamika. Mama Riziki alipompata mtu wa kumpa kazi ya mkono mmoja, kufagia kwenye jumba la wazee, naye alipanda, akakaa nyuma kabisa bila kusalimu.

Nilimwambia Mheshimiwa siku moja, kwa adabu, kwamba basi la jiji lilikuwa na viti arobaini.

"Najua," alisema. "Lakini hii ninalipa mimi."

Nadhani aliamini kweli kwamba hilo ni jibu. Aliweza kuwapa watu chochote mradi kitoke mfukoni mwake. Kuwapa kile walichokuwa na haki nacho ndiko kulikomshinda.

Uchaguzi uliofuata ulifanyika Jumanne ya mvua. Alasiri, zamu ilipotoka, Mheshimiwa aliwachukua wanawake wake ghalani, na Mama Riziki kwenye jumba la wazee, akawapeleka moja kwa moja kituo cha kupigia kura, kwa kuwa hawakuwa na namna nyingine ya kufika. Nami nilikuwemo, nimetoka naye dukani. Alitushusha mlangoni ili tusilowe. Akatungoja. Mama Riziki alishuka wa kwanza, akapanga foleni, akaingia, akapiga kura kwa mkono wa kushoto. Mmoja mmoja tuliingia, tukamwondoa madarakani, tukarudi kupanda gari lake.

"Mumemaliza?" aliuliza.

"Tumemaliza, Patron," alijibu Mama Riziki. Hilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia baada ya miezi mingi.

Aliturudisha nyumbani polepole, kwa sababu ya mvua. Nimewahi kukaa kwenye gari la Msalaba Mwekundu, kwenye lori la wakimbizi na kwenye ndege iliyojaa watu wanaotapika, lakini safari ndefu kuliko zote ilikuwa ile ya dakika kumi na tano. Jioni matokeo yalitoka. Asubuhi yake, saa kumi na moja, gari lilikuwa pale pale mbele ya majengo, injini inaunguruma. Liliendelea kuja mpaka alipouza duka.

Alilinunua mtu wa simu na vifuniko vya simu. Mimi nilihamia Reynoldsburg, upande wa mashariki wa Columbus, aliko kaka yangu, nikapata kazi ya kutunza wazee. Tulipoagana, Mheshimiwa alinipa mkono na barua ya kunisifu ya mistari miwili. Mstari wa pili ulisema sijawahi kuchelewa.

Miaka ikapita. Mwaka jana tulikwenda Buffalo kwenye harusi ya binamu yangu, na hapo nikasikia kwamba mzee wa makayabo anaishi kwa binti yake, ambaye sikuwahi kusikia habari zake, mtaa wa North Buffalo. Magari yote yalikuwa yamebeba maua na mashangazi. Nikapanda basi. Njiani nilipanga hotuba. Nilikuwa nimeipanga kwa miaka, kusema kweli, ina sehemu tatu.

Binti yake alifungua mlango, mwanamke wa makamo, mkarimu, mwenye urefu uleule. Mheshimiwa alikuwa ameketi dirishani. Amekonda, sweta limekuwa kubwa. Mbele yake kulikuwa na kigari cha kutembelea cha wazee, na kwenye kikapu cha kigari kulikuwa na karatasi za malalamiko juu ya uzoaji wa taka mtaani.

"Umezeeka," aliniambia kwa Kiswahili.

"Na wewe hujaacha siasa."

Binti alileta kahawa. Mheshimiwa aliuliza habari za watoto wangu, nikampa. Hotuba yangu ikaanza kupoa. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Basi ilirudi?"

"Lilirudi. Aliyekuja baada yako alilirudisha. Linapita mara moja kwa saa."

"Na Mama Riziki?"

"Yuko jumba lile lile la wazee. Mkono haukunyooka."

Hakusema tutaona. Aligeuza kikombe chake kwenye kisahani, mara mbili.

Nilipoaga, binti alitaka kunirudisha kwa gari. Nilikataa, kwa kiburi tu. Mheshimiwa akasimama, akaomba koti. "Nitamusindikiza," alisema. Binti alibishana naye kwa Kiingereza, upepo wa ziwa, mapafu, daktari. Akavaa kofia.

Kituo kiko mbali kidogo, na mwendo wake ulikuwa wa kigari. Tulifika, hakuna kibanda wala benchi, kuna mlingoti tu wenye ratiba nyuma ya plastiki. Tukasimama. Upepo ulikuwa unakata. Baada ya dakika ishirini alisema, "Inachelewa."

"Ndivyo mabasi yalivyo."

"Mama Riziki alisimamaka hivi?"

"Alisimama hivi kila siku, akaona ni neema. Kisha hakukuwa na kitu cha kusimamia, akatembea."

Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini kwa baridi ile hata mimi yalinitoka, siwezi kuyatolea ushahidi. Mwishowe alisema, "Nilimukosa."

Kwa Kiswahili changu mimi, hilo linaweza kuwa alimkosa, hakumwona tena, amemtamani. Kwa Kiswahili chake cha kaunta linaweza pia kuwa alimkosea. Ningeweza kumuuliza alikusudia lipi. Nilikuwa na hotuba nzima na mtu wa kuipokea, amesimama mbele yangu hana pa kukimbilia. Nilifunga vifungo vya koti lake vya juu, alivyokuwa ameviacha wazi.

"Mwambie mwenyewe," nikasema. "Nitakupa namba yake."

Nikaiandika nyuma ya karatasi moja ya malalamiko ya taka. Akaikunja, akaiweka ndani ya kofia.

Basi lilikuja baada ya dakika arobaini. Dereva alipomwona na kigari chake alishusha ngazi ya walemavu, akingoja apande. Mheshimiwa alitikisa kichwa, akaninyooshea kidole mimi. Nikapanda, nikakaa upande wa dirisha. Nilidhani ataanza kurudi, binti yake alikuwa amekwisha kutokea kwenye kona na shali mkononi. Lakini tulipoondoka alikuwa bado pale, ameinama mbele ya mlingoti, anaisoma ratiba kwa kidole, mstari kwa mstari.